Kipengele cha Nne

Ignas Masele hakuwa na cheo. Nalitanguliza hilo kwa sababu mgeni aliyefika Nyakabongo na kumsikia akiongea kwa dakika mbili tu alianza kujiweka sawa shati, akidhani amekutana na mtu wa wilayani. Alikuwa mvuta kamba kwenye duara la Masalu, yaani shimo la dhahabu, yule anayebaki juu na kuvuta viroba vya mawe wanavyojaza wenzake chini, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umekataa kazi ya kuinama. Mimi Mama Noela nilikuwa nauza chai na ugali ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wake, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa. Anayetaka kusema mimi mbea na aseme, huyo Ignas ugali wangu alikula.

Kwao ni Kolandoto. Baba yake alifyeka nyasi kwenye hospitali ya misheni mpaka alipofariki, akaacha mjane, akamwacha Ignas ndiyo kwanza anaota ndevu, na Selestine bado anatambaa. Ignas ndiye aliyemlea huyo mdogo. Alimbeba mgongoni, alimwogesha, akamsomesha mpaka darasa la saba kwa ujira wa kupima pamba kwenye chama cha ushirika. Pamba ilipokosa bei wakatoka wote wawili kuja upande wa Geita kutafuta dhahabu. Walifika na mfuko wa michembe ya viazi, sufuria moja, na redio ya betri ambayo Ignas aliinunua dukani kwa Champaklal, Shinyanga mjini.

Redio hiyo ndiyo iliyomharibu. Au ndiyo iliyomtengeneza, sijui, maana watu wa Nyakabongo mpaka leo hawajaafikiana juu ya hilo.

Mwaka tisini na tatu, mwezi wa nane, ilitangazwa kwamba mkataba wa amani wa Rwanda umetiwa saini kule Arusha. Sisi tulisikia kama tunavyosikia habari nyingine, tukaendelea na kazi. Ignas alisikia maneno. Pande husika. Itifaki. Kusitisha uhasama. Kuridhia. Alikuwa akiyarudia huku anavuta kamba, neno moja kwa kila kiroba, na wenzake walioko chini ya shimo wakawa wanasikia sauti inawashukia, "Ki-pe-nge-le," wakafikiri kuna mtu anawaita.

"Mama Noela, umesikia walivyosema?" aliniuliza asubuhi moja. "Hawakusema watu wameacha kupigana. Wamesema pande husika zimeafikiana kusitisha uhasama."

Nikamuuliza tofauti yake ni ipi.

"Ukisema fulani kampiga fulani, umeshachokoza. Ukisema tukio lililojitokeza baina ya pande husika, nani atarusha jiwe? Neno la mkataba halina harufu ya mtu. Ndiyo maana hata maadui wanaweza kulishika wote wawili."

Nilimwambia chai yake inapoa. Lakini si kwamba lilikuwa jambo la kijinga. Mwezi uleule mbuzi wa jirani yangu Scolastika alikula michembe yangu niliyoianika juu ya jiwe, nikamtukana Scolastika, naye akanitukana, tukafika mpaka kwenye mama zetu. Ignas akavuka njia na kutukalisha kwenye benchi langu mwenyewe. Akasema tutaanza na utangulizi. Akasema Upande wa Kwanza unatambua umuhimu wa michembe na Upande wa Pili unatambua haki ya mbuzi kutembea. Kisha akachora mstari mavumbini kwa fimbo kuanzia jiko langu mpaka kwenye mti wa Scolastika, akatangaza kwamba pale ni eneo lisilo na mbuzi. Scolastika akaanza kucheka, nami nikajikuta nacheka, na mtu huwezi kurudi kwenye matusi ukishacheka. Tangu siku hiyo watu wakamwita Bwana Itifaki. Wenye maduara ya mbali wakaanza kumwita akapatanishe, wakimlipa sabuni au kuku.

Mwaka uliofuata mkataba ule wa Rwanda ulivunjika, na mnajua yaliyotokea. Watu walimiminika Ngara wakiwa hawana hata vyombo. Wakati huo hakuna aliyemtania Ignas. Alizima redio kwa muda mrefu, akawa anakuja kunywa chai tu. Mwishowe akaniambia amefikiri, na amelijua kosa liko wapi.

"Waliotia saini ni wachache," alisema. "Walioachwa nyumbani hawakuulizwa. Mtu ambaye mkono wake haumo anaweza kuamka siku yoyote na kusema mimi sikukubali. Nikipewa jambo kubwa, sitaacha mkono hata mmoja nje."

Kama ni hivyo kweli au sivyo, wenye elimu watajua. Mimi nasema tu kwamba yeye aliamini hivyo, na imani hiyo ndiyo aliyokaa nayo miaka minne.

Jambo kubwa lilikuja mwaka tisini na nane, baada ya mvua za El-Nino. Mvua ile ilikuwa imejaza maduara yote maji. Yalipokauka kila mtu alichimba kwa pupa, usiku na mchana, akifukuza alichopoteza. Duara la Masalu na duara la Bhoke yalikuwa jirani. Masalu ni Msukuma wa huku huku. Bhoke ni mjane wa Kikurya kutoka Tarime, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mila ya machimbo haikumruhusu mwanamke kushuka shimoni, lakini hakuna kiroba cha Bhoke kilichowahi kupotea. Watu wake na watu wa Masalu walikuwa wanafuata mwamba mmoja wa dhahabu bila kujua, huyu anatoka huku, yule anatoka kule, mpaka siku moja nyundo zikakutana. Wametobozana, kama wachimbaji wanavyosema. Ukuta ukaanguka, wakaonana uso kwa uso kwa mwanga wa tochi, na kila upande ukasema mwamba ni wetu.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Selestine, mdogo wake Ignas, mchimbaji wa Masalu, alimpiga nyundo Jilala, mchimbaji wa Bhoke. Alilenga kichwa, Jilala akakinga kwa mkono, na mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Hawa walikuwa vijana wa rika moja. Jilala ametoka Songwa, na mara nyingi nimewaona wakigawana sigara moja kwenye benchi langu. Dhahabu ina mambo yake.

Mwano wa hatari ukapigwa, watu wakakusanyika, na sungusungu wakakaa alasiri ileile. Mtemi wao, mzee mnene asiyependa kusimama, alitoa uamuzi akiwa amekaa. Selestine ametengwa mpaka suluhu ipatikane. Hakuna wa kumpa maji, moto wala chakula, hata salamu ya mchana, "mwadila", hakuna wa kumwitikia. Atakayempa, faini yake ni mbuzi. Kwetu hiyo ni adhabu nzito kuliko kiboko, kwa sababu kiboko mtu anakupiga akiwa anakuona.

Lakini kutengwa kwetu kulikuwa hakukai sana. Mila ni kwamba aliyekosa analeta ng'ombe, ng'ombe anachinjwa siku hiyohiyo mbele ya wote, na aliyekosa anakata nyama kwa mkono wake. Pande la kwanza anamlisha aliyemkosea. Halafu anazunguka na kuwalisha waliopo, mmoja mmoja. Mkishakula kutoka mkononi mwake habari imekwisha, jioni mnasalimiana. Masalu alikuwa tayari amenunua ng'ombe, amefungwa kwenye nguzo, na sisi wanawake tulishaleta kuni.

Bhoke akakataa.

"Nyama yenu nitakula leo, kesho mtaniambia nimeshiba," alisema. "Mimi si wa mila hii. Nataka maandishi. Vinginevyo kijana wangu nampeleka Geita kwa polisi na mkono wake ukining'inia, na aliyempiga atakwenda kuozea jela."

Watu wote wakageuka kumtazama Ignas. Mmoja akasema, jamani, huyu si ni kaka yake mtuhumiwa? Hapo Ignas alisimama katikati ya watu, akavua kofia.

"Kuanzia sasa mimi sina upande," alisema. "Simjui Selestine, simjui Jilala. Ninaujua Upande wa Kwanza na Upande wa Pili."

Selestine alikuwa amekaa peke yake nje ya watu, ng'ambo ya lundo la kifusi. Alitabasamu aliposikia hivyo. Aliona kaka yake anamwokoa, na kweli alikuwa anamwokoa. Ignas hakulala siku zile. Alikuwa anakwenda kwa Masalu, anarudi kwa Bhoke, anakwenda tena, akiwa ameshika kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Kila mtu alijua anatafuta kitu kimoja tu, kwamba Bhoke akubali kwa maandishi kutokwenda polisi. Mengine yote aliyoyaweka yalikuwa ya kukizungushia ukuta hicho kimoja.

Maandishi yalipokamilika aliyapeleka Katoro yakapigwe chapa kwa Khairunisa, aliyekuwa na duka la vifaa vya shule na taipureta moja. Tulikwenda pamoja kwa sababu nilikuwa nafuata unga. Khairunisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kamba, na alikuwa akisoma kwa sauti ndogo kila anachopiga. Utangulizi. Kipengele cha kwanza, kusitisha uhasama juu na chini ya ardhi. Cha pili, ukuta wa matimba, yaani magogo, utakaotenganisha njia mbili za chini, na mwamba uliopo katikati kugawanywa sawa. Cha tatu, Upande wa Pili hautafungua mashtaka yoyote kuhusu tukio lililojitokeza. Cha nne, makubaliano haya yataanza kutumika baada ya kuridhiwa na kila mwenye hisa wa pande zote mbili, na hadi hapo hali iliyopo itabaki kama ilivyo. Cha tano, ng'ombe.

Akaacha kupiga.

"Baba, samahani," alisema. "Aliyeumia yuko wapi humu? Na aliyeumiza?"

"Wamo, dada. Wamo ndani ya pande."

"Mimi sijawaona."

"Ndiyo uzuri wake," Ignas akamjibu.

Khairunisa alinitazama mimi, nikatazama unga wangu. Akaendelea kupiga mpaka mwisho, na akatoa nakala tatu.

Siku ya kutia saini watu walijaa. Masalu alitia saini, wenye hisa wake wakatia dole gumba, Bhoke akatia saini yake kubwa iliyochukua mistari miwili. Akabaki mtu mmoja, shemeji yake Bhoke, mwenye robo ya duara lile, ambaye alikuwa amekwenda Tarime msibani. Ng'ombe alikuwa palepale, anacheua. Mtemi akajipangusa mikono, akauliza nani ana kisu.

"Bado, mtemi," Ignas alisema. "Haujaridhiwa."

"Nyama inasubiri nini?"

"Inasubiri shemeji. Mkono wake haumo. Akirudi akasema hakukubali, anaweza kwenda polisi, na hapo mdogo wangu..." Akajikata. "Na hapo mhusika atakamatwa."

Mtemi alifikiri. Akasema basi sawa, karatasi isubiri, lakini kijana apewe maji, ametengwa siku za kutosha. Bhoke naye, kwa mdomo wake mwenyewe, akasema, "Mimi sina neno na maji. Mpeni."

Ilikuwa imekwisha pale. Adui amesema mpeni. Sungusungu wamesema apewe. Ilibaki Ignas afungue mdomo aseme ndiyo.

"Kipengele cha nne kinasema hali iliyopo ibaki kama ilivyo," alisema Ignas. "Nikikilegeza kwa ajili ya mtu wa tumbo moja na mimi, atakayekuja kesho atasema mkataba huu ulipendelea. Ukipasuka hapo, utapasuka na kwenye cha tatu. Msinitie katika hilo."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe, nikaiweka chini kwa kishindo. Nikamwambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Ignas."

"Subira yavuta heri, Mama Noela," akanijibu, kwa heshima kabisa. Na kwa kuwa alikuwa ndiye mpatanishi, na kwa kuwa watu walishamwamini kuliko walivyojiamini wenyewe, ng'ombe alirudishwa kwenye majani.

Shemeji hakurudi kesho yake wala kesho kutwa. Msiba wa Wakurya una taratibu zake. Selestine alilala kwenye kibanda kilichoachwa karibu na marundo, akawa anakunywa maji ya kuoshea mawe, yale ya rangi ya kijivu yenye zebaki, kwa sababu hayana mwenyewe. Akaanza kuharisha, kisha homa. Tulikuwa tunamwona akipita kwa mbali, ameshika ukuta. Ignas alikuwa anamwona pia. Alikuwa akikaa mlangoni na redio mapajani, maana mazungumzo ya Burundi yalikuwa yameanza Arusha na kila siku kulikuwa na maneno mapya, lakini sikumsikia hata mara moja akilirudia neno lolote.

Kisha ikawa mchana mmoja, jua la utosi, Selestine akaja mpaka mlangoni kwa kaka yake. Watu waliokuwa wanatwanga mawe waliacha kutwanga. Alikuwa amekauka midomo mpaka imepasuka.

"Kaka," alisema. "Maji."

Ignas alisimama mlangoni. Nyuma yake niliuona mtungi, na kikombe cha bati kimefunikwa juu yake. Niliomba Mungu, mimi ambaye kanisani naenda Krismasi tu. Kisha Ignas akaongea kwa sauti ileile ya siku zote, ya kupimwa.

"Upande wa Kwanza unaombwa kuwa na subira hadi taratibu za kuridhia zitakapokamilika."

"Mimi ni Selestine."

"Nafahamu."

"Basi niambie hivyo. Sema, Selestine, sikupi maji."

Ignas hakusema. Selestine alimsubiri, akiwa ameshika fremu ya mlango, akimtazama usoni mtu aliyemfundisha kutembea. Alipoona hapati jibu aligeuka, akapiga hatua chache, akakaa chini katikati ya njia kwa sababu miguu ilikataa.

Aliyetoka alikuwa Jilala. Alikuwa kwenye benchi langu na mkono wake umefungwa vijiti, akinywa uji. Alikwenda kwenye pipa langu, akachota kikombe cha maji kwa mkono wake mzima, akavuka njia, akachuchumaa, akamnywesha Selestine taratibu. Kikombe cha kwanza, cha pili. Mmoja wa sungusungu akaita kutoka mbali kwamba hiyo ni mbuzi.

"Mwenye kidonda ni mimi," Jilala alimjibu bila kugeuka. "Anayetaka mbuzi anifuate Songwa."

Hakuna aliyemfuata. Mtemi aliposimuliwa alisema yeye alikuwa amelala. Pipa lilikuwa langu, lakini mimi nilikuwa nachochea moto, sikuona kitu. Jilala alimwinua Selestine na kumpeleka kibandani kwake, na tangu hapo nikawa nampa Jilala bakuli kubwa zaidi la uji kwa bei ileile. Ignas aliyaona yote hayo kutoka mlangoni. Hakwenda kushtaki kwamba kipengele kimevunjwa. Aliingia ndani, akauvuta mtungi wake mpaka nje, akaumwaga wote mchangani, na siku ile sikumwona akinywa hata chai.

Shemeji alifika hatimaye, amechoka, na vumbi la basi nywele nzima. Ignas alimfuata kabla hajaweka begi chini, akamsomea vipengele vyote vitano. Shemeji alisikiliza, akatoa dole gumba, akauliza wino uko wapi.

"Kwani hili lilikuwa bado?" alisema. "Mngemaliza tu. Mimi ningesema nini?"

Ignas alizikunja nakala zile vizuri, pembe kwa pembe, akaenda kumwita mtemi.

Ng'ombe akachinjwa. Selestine alikuwa amekonda lakini anatembea. Alipewa kisu, akakata pande la kwanza kwenye nundu, akamlisha Jilala mdomoni. Jilala akatafuna, akasema limekosa chumvi, watu wakacheka. Akamlisha Bhoke. Akamlisha Masalu, na shemeji, na mtemi ambaye kwa mara ya kwanza tulimwona akisimama. Alikuja kwangu, akaniita Mama Noela, akanipa kipande chenye mafuta. Kila mtu alimwita kwa jina lake. Akafika kwa Ignas, ambaye alikuwa amesimama mwisho wa mstari, ameshika kofia, amevaa shati jeupe la kazi ile ya upatanishi. Selestine akampita, akaenda kukaa chini karibu na Jilala.

"Selestine," Ignas alimwita. "Mimi je?"

Selestine alikuwa anafuta kisu kwenye majani. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Wewe nilikuomba maji," alisema.

Mtemi, kwa huruma, alikata kipande mwenyewe na kumpa Ignas asiaibike. Ignas alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Aliondoka nacho mkononi kuelekea kwake, na kama alikila sijui, kwa kuwa alifunga mlango.

Makubaliano yale hayakuvunjwa. Hilo lazima nimpe haki yake. Polisi hawakuja, ukuta wa matimba ulikaa mahali pake mpaka mwamba ulipokwisha, na Bhoke alijenga nyumba ya matofali Tarime. Wenye maduara wa Katoro na kwingine walikuja kuomba nakala, Ignas akawa anawaandikia yao kwa mfano huo. Niliwahi kuziona mbili tatu, zikiletwa kufungiwa vitu kwenye meza yangu. Zina utangulizi, zina kipengele cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne amekiandika hivi: ng'ombe ataliwa leo.

Selestine na Jilala walichimba pamoja mahali pengine, wakapata kidogo, wakapoteza, wakapata tena. Ignas alimwandikia mara nyingi, alimtumia salamu kwa kila aliyekuwa anapita, na majibu yalikuwa yakija ya adabu, kwamba Selestine ni mzima na anashukuru. Mwaka tisini na tisa, baada ya mavuno, Selestine alipata mchumba Kagongwa, ambako mimi ndiko kwetu, nami nilikuwa nimeshaacha machimbo na kurudi. Ignas alipeleka fahali mmoja, mweusi, mzuri, achangie mahari ya mdogo wake. Fahali alirudishwa Nyakabongo baada ya siku chache, amelishwa vizuri, na aliyemleta alikuwa ameagizwa aseme asante.

Kwetu ng'ombe wa mahari hawaongozwi na bwana harusi. Wanaongozwa na kaka yake mkubwa, anatangulia mbele na fimbo, ili wakwe wajue ni nani wa kumwendea binti yao akionewa. Siku hiyo tulitoka wote barabarani kuwatazama wanavyoingia. Aliyetangulia, ameshika fimbo kwa mkono ambao ulipona vibaya ukabaki umepinda, alikuwa Jilala.